Sahani Sifuri, Sindano Nne

Msomaji mmoja wa Voi ameniandikia kwamba hadithi ya mtu kama mimi ingesomwa mahakamani, si gazetini. Mwalimu mmoja wa Kitui yeye hana maneno mengi, anaomba tu anwani ya ile hospitali ya Bombay. Nawaelewa wote wawili.

Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza: naitwa Deeq. Mwaka wa 1997 nilikuwa mpimaji wa maabara katika zahanati ya mtu binafsi mjini Garissa. Damu, mkojo, makohozi, vyote vya watu wa mji ule nilivichungulia, na majibu niliyaandika kwa mkono wangu. Watu waliuamini mwandiko wangu kuliko walivyoniamini mimi mwenyewe.

Aliyenilea na kunisomesha ni Kerrow, mtoto wa baba yangu mkubwa, mfanyabiashara wa mifugo, ninayemwita aboowe, yaani kaka. Alimwoa Mulki, wakakaa miaka minane bila mtoto. Siku moja Kerrow akaniletea mbegu zake za kiume nizipime. Nikaziweka chini ya hadubini. Zilikuwa chache, na hizo chache zilijikokota kama mbuzi waliotoka Mandera kwa miguu. Kerrow alikuwa amesimama nyuma yangu, pumzi yake inanipiga shingoni.

Nikaandika: "Nyingi, zenye nguvu."

Siku ile ile Mulki akawa tasa mbele ya ukoo mzima. Kerrow akaongeza mke wa pili, Arbia, msichana wa Habaswein. Miaka mitatu ikapita, naye kimya. Ndipo Kerrow aliposikia kwamba Bombay kuna madaktari wanaotungisha mimba nje ya tumbo. Akamuuliza sheikh. Sheikh akamwambia inafaa, mradi mbegu iwe ya mume na yai liwe la mke wake wa ndoa. Arbia alikuwa bado mdogo, akaambiwa asubiri. Tukapanda ndege watatu: Kerrow, Mulki, na mimi mkalimani, maana Kiingereza hawakukijua.

Au hivyo ndivyo nilivyoamini.

Daktari alikuwa mama mfupi wa miwani, akiitwa Kulkarni. Siku moja kabla ya Mulki kutolewa mayai, alituketisha ofisini kwake. Mezani aliweka karatasi mbili. Moja ilikuwa yangu, kutoka Garissa. Nyingine ilikuwa yake, baada ya kumpima Kerrow pale pale.

"Hizi karatasi mbili," aliniuliza, "ni za mwanamume mmoja?"

"Ndiyo, daktari."

"Yako inasema mbegu ni nyingi, zina nguvu. Yangu inasema ni chache na dhaifu. Hadubini yenu ni nzima?"

Msomaji wa Voi, hapo ndipo ulipopaswa kuwa nami. Ningesema tu, daktari, ile yangu itupe. Aibu ya kazi ikanishinda.

"Ni ya Kijerumani," nikajibu.

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi huenda safari imemchosha, hutokea. Sikiliza vizuri, umfafanulie. Tuna njia mbili. Ya kwanza ni ya kisahani. Yai tunaliweka kwenye kisahani cha maabara, tunamwaga mbegu maelfu kulizunguka, na yenye nguvu inaingia yenyewe. Ya pili ni mpya, haijafika hata miaka sita tangu ianze. Tunachagua mbegu moja tu, tunaiingiza ndani ya yai kwa sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele. Kama karatasi yako ni ya kweli, kisahani kinatosha, na hakuna haja ya kuchoma mayai bure, maana mengine huharibika. Kama yangu ndiyo ya kweli, kisahani kitatuangusha. Kwa kuwa zinapingana, tutagawa mayai nusu kwa nusu."

Kerrow akanishika kiwiko. "Amesema nini?"

"Anasema atatumia njia mbili, ili mtu kama wewe upate iliyo bora."

"Na hiyo sindano aliyoonyesha kwa kidole ni ya nini?"

"Ni ya wanaume wenye haraka, aboowe."

Kerrow akacheka mpaka kiti kikalia. Kisha akamgeukia daktari mwenyewe. Alikuwa na imani moja isiyotikisika, kwamba kila Mhindi duniani anajua Kiswahili kama wale wenye maduka ya vitambaa wa kwetu.

"Daktari, mimi iko sawa kabisa! Nguvu iko! Hiyo sindano fanya bole bole!"

Daktari akanitazama.

"Anashukuru," nikasema.

Mulki alikuwa kando, karibu na dirisha, mikono mapajani. Hakuuliza kitu. Nilidhani hasikii chochote.

Kesho yake walimtoa mayai kumi na moja. Sita yakaenda kwenye kisahani, matano kwenye sindano.

Asubuhi iliyofuata daktari aliingia chumba alicholala Mulki, uso ameukaza. Alikuwa na kikaratasi kidogo tu.

"Sindano, mayai manne kati ya matano yametunga. Moja liliharibika. Kisahani, sifuri kati ya sita."

Nikakitazama kikaratasi chake.

"Mayai ya mama huyu ni mazuri sana," akaendelea. "Yale sita hayakuwa na tofauti yoyote na haya matano. Mbegu zilifika kwenye ukuta wa yai zikashindwa kuingia. Bwana mpimaji, karatasi yako imetupotezea mayai sita. Mwambie mume wake ukweli, wakija tena wasipoteze wakati na kisahani."

Akatoka.

"Mbona amekunja uso?" Kerrow akauliza. "Amesemaje?"

"Anasema manne yametunga. Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi! Na mengine?"

"Yale ya sindano ndiyo yaliyotunga. Ya kisahani hayakutunga hata moja."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema sijui. Hilo lilikuwa jibu rahisi kuliko yote na lisingemuumiza mtu. Lakini ulimi wangu ulikuwa umekwisha zoea njia yake.

"Anasema yalikuwa na ganda gumu."

Kerrow akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Akamshika mkewe mkono. "Usijali, Mulki. Si kosa lako. Umeumbwa na ganda gumu."

Mulki akamtazama. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu, bila kupepesa. Nikajiambia ni dawa ya usingizi, haijamtoka.

Baada ya siku mbili wakamwekea matatu tumboni. La nne halikuendelea kukua. Tukarudi nyumbani.

Mwezi wa Agosti nilimpima Mulki mkojo pale zahanati. Mistari miwili. Mimba! Niliandika jibu lile kwa herufi kubwa. Ilikuwa karatasi ya kwanza ya kweli niliyowahi kuipa nyumba ile.

Kerrow alifurahi kama mtu aliyeshinda kombe. Pale soko la mifugo aliwasimulia wenzake matokeo kana kwamba ni mechi. "Sahani sifuri! Sindano nne!" Madalali wakawa wanasalimiana hivyo. Mtu akiuza ngamia vizuri anaambiwa, "Wewe leo sindano nne." Akikosa mteja, "Sahani sifuri."

Nilicheka nao. Ningefanyaje?

Furaha ile ilikaa mwezi mmoja.

Katikati ya Septemba, mchana, Arbia aliingia maabara peke yake. Alikuwa na kichupa cha dawa ya kikohozi, ndani yake mkojo. Nikapima. Mstari mmoja. Hana mimba.

"Angalia vizuri, Deeq," akasema. "Nimechelewa siku tatu."

"Siku tatu si kitu, abaayo, dada yangu. Hakuna mimba hapa."

Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Alikuwa na miaka ishirini na moja, na siku ile alionekana mdogo zaidi. "Tangu Mulki apate, mama mkwe ananipita mlangoni kama anaupita upepo. Jana amemwambia Kerrow mke asiyezaa arudi kwao. Nirudi Habaswein nikawaambie nini? Wewe andika tu kwamba ipo. Siku tatu zikiwa kumi, itakuwa kweli."

"Na isipokuwa?"

"Mimba hutoka. Nitasema imetoka. Nani atajua?"

Nilijua nikatae. Hata kalamu nilikuwa nimeiweka mezani. Lakini alipoanza kulia alilia bila sauti, kama mtu aliyezoea kulia ndani ya nyumba yenye watu wengi, na mimi ndiye niliyekuwa chanzo cha kuletwa kwake Garissa.

Nikaandika: "Ipo."

Jioni ile ile Kerrow alichinja. Safari hii hakusema lolote kuhusu Bombay. "Bila daktari!" alikuwa akipiga kelele uani. "Bila sindano! Kwa nguvu ya Mwenyezi Mungu na ya mwanamume!"

Mama yake, Ugbad, ambaye namwita hooyo kwa kuwa alinilea, alimfuata Mulki jikoni. Nilikuwa mlangoni, nilisikia yote.

"Umeona sasa?" alimwambia. "Mwenzako amepata kitandani kwake. Miaka yote hii mwanangu alikuwa mzima."

Mulki aliendelea kukoroga chai.

Nami nikaenda zangu nikala nyama ya sherehe ile. Ilikuwa laini sana, naikumbuka hadi leo.

Mvua zikaanza Oktoba, zile za El Niño. Mto Tana ulijaa ukameza mashamba ya Balambala, barabara ya Nairobi ikakatika, unga na sukari vikawa vya kutafutwa. Barua zilikwama wiki kwa wiki, ijapokuwa miraa ilifika kwa ndege bila kukosa. Kisha mbuzi wakaanza kutupa mimba malishoni, mmoja baada ya mwingine, watu wakaingiwa na hofu. Kila mtu alitafuta sababu ya balaa.

Nyumbani kwetu sababu ilipatikana haraka.

Kerrow alinijia maabara siku moja, viatu vimejaa tope. Hakukaa.

"Waryaa Deeq, wewe ni mtu wa vipimo. Nipimie hili. Dume langu likae na ng'ombe sita, asishike mimba hata mmoja. Kisha kwenye zizi la mtu nisilolijua, katika watano washike wanne. Wewe utasema nini? Utasema wale sita walikuwa na ganda gumu?"

Nikainama juu ya hadubini.

"Utauliza kule ndani kulikuwa na dume la nani!" akanguruma. "Kisahani kilikuwa na mbegu zangu. Kikapata sifuri. Sindano ikapata nne. Sindano ilibeba nini, Deeq? Mimi ni mzima, karatasi yako inasema. Arbia ana mimba, karatasi yako inasema. Basi kama mimi ni mzima, kwa nini kisahani kilishindwa?"

Msomaji, niliyasikiliza maneno yale nikaona hayana kasoro hata mahali pamoja. Mtu ambaye hakuingia darasa hata siku moja alikuwa amepanga hoja kama wakili. Kosa lake lilikuwa moja tu. Aliniamini.

"Alikuwa daktari mwanamke, aboowe," nikasema kwa unyonge. "Mtu mwaminifu."

"Uaminifu wake uliupima kwa hadubini?" Akaelekea mlangoni. "Kama mle tumboni kuna mbegu ya mtu mwingine, hiyo ni haramu nyumbani kwangu. Alhamisi wazee wanakaa. Mulki atarudishwa kwao Ijara na tumbo lake."

Kesho yake Mulki mwenyewe akaja. Mimba yake ilikuwa imepita miezi mitano, alitembea akishika kiuno. Alifunga mlango, akaweka juu ya meza bahasha yenye stempu za India. Ilikuwa imefunguliwa.

Kisha akaniuliza kwa Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza cha polepole, lakini kilichonyooka.

"Deeq, ganda gumu kwa Kiingereza ni nini? Mimi sikumsikia daktari akilitaja."

Nilishika meza. Chupa za dawa zikagongana.

"Umejifunza wapi?"

"Darasa la cherehani," akajibu, sasa kwa Kisomali.

Miaka mitano Mulki alikuwa akienda darasa la akina mama kila alasiri. Kerrow alimnunulia cherehani. Hakuwahi kujiuliza kwa nini nyumba ile haikupata hata foronya moja.

"Kwa hiyo kule Bombay ulielewa?"

"Yote. Hadubini ya Kijerumani nilielewa. Wanaume wenye haraka nilielewa. Mayai yangu sita nilielewa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie Kerrow mbele ya mwanamke mgeni kwamba kasoro ni yake? Tungepanda ndege siku ile ile. Nilitaka mtoto kwanza, Deeq. Nikasema maneno yatasubiri." Akajishika tumbo. "Sasa wanataka kumfanya mtoto wangu wa haramu, na hilo halisubiri. Hii barua ni taarifa ya daktari, kwa ajili ya mkunga atakayenizalisha. Imeeleza kila kitu. Alhamisi utaisoma mbele yao neno kwa neno."

"Isome wewe. Kumbe Kiingereza unakijua."

"Nani ataniamini? Mimi ndiye mshtakiwa. Wewe ndiye wanayemwamini." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Ukiruka neno moja nitajua."

Aliondoka. Nikabaki nikihesabu. Nikisoma barua, Mulki anaokoka. Lakini kama mbegu za Kerrow hazikuweza kuingia kwenye yai lililowekwa mbele yake kwenye kisahani, wazee watauliza mimba ya Arbia imetoka wapi. Na hapo itanibidi niseme kwamba Arbia hana mimba, mimi ndiye niliyeiandika. Nilipofika hapo nilipata nafuu ya ajabu. Arbia ataitwa mwongo, lakini hataitwa mzinzi. Mimi nitafukuzwa, lakini wanawake wawili watabaki na heshima zao. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu ukweli ulionekana kwangu kitu chenye faida.

Alhamisi ikafika, siku chache kabla ya Ramadhani. Baada ya alasiri tulikaa chumba kikubwa cha Kerrow, juu ya mazulia. Mzee Nunow, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu, alikaa katikati na kikombe cha chai ya maziwa. Wazee wawili walikuwa kulia kwake. Ugbad na wake wawili wa Kerrow walikaa upande wa mlango. Arbia alijifunika shuka kubwa hadi kidevuni.

Kerrow akatoa hoja yake ile ya dume na mazizi mawili. Wazee wakatikisa vichwa. Ni hoja waliyoielewa.

"Deeq," mzee Nunow akasema, "wewe ulikuwepo, na tunaambiwa kuna barua. Soma, utufasirie. Na uogope Mungu."

Nikasimama. Nikasoma sentensi kwa Kiingereza, nikaitoa kwa Kisomali, kisha nyingine. Sauti yangu ilikuwa ngeni masikioni mwangu.

"Daktari anasema mayai ya Mulki ni mazuri, hayana kasoro yoyote. Anasema mbegu za Kerrow ni chache na dhaifu. Anasema kisahani kilishindwa kwa sababu hiyo, na si kwa sababu ya mayai. Anasema kila mbegu iliyoingizwa kwa sindano ilikuwa ya Kerrow mwenyewe, ikachaguliwa moja moja."

Wazee wakamgeukia Kerrow.

"Ganda gumu," nikaongeza, "daktari hakusema. Nilisema mimi. Na ile karatasi ya kwanza, ya kwamba mbegu ni nyingi zenye nguvu, niliandika uongo. Niliogopa."

Nilimtazama Mulki. Machozi yalikuwa yakimshuka, lakini shingo yake ilikuwa imenyooka. Ugbad alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

Kerrow hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alikaa akitazama viganja vyake, mtu mkubwa vile, kisha taratibu kichwa kikainuka, kikageuka upande wa mlango.

"Basi Arbia," akasema kwa sauti ndogo, "hiyo yako ni ya nani?"

Nilikuwa nimejitayarisha. Nikaruka kabla hajamaliza.

"Si ya mtu, aboowe! Arbia hana mimba! Hiyo pia niliandika uongo. Alipima ikatoka hakuna, nikaandika ipo kwa huruma. Wallahi hakuna kosa lingine. Msichana wa watu ni msafi."

Nilikaa chini. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia. Nilisubiri Arbia alie, aombe msamaha, mambo yaishe.

Arbia hakulia. Alisimama, akaliachia shuka likaanguka. Chini ya dira, gauni lake refu jepesi, tumbo lilionekana wazi, dogo, la duara.

"Mimi nina mimba," akasema. Sauti ilimkatika. "Ulinipima mapema, Deeq. Juzi nimepimwa tena zahanati nyingine, na muuguzi amenipapasa. Miezi minne. Wallahi ni ya Kerrow. Sijui mwanamume mwingine."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jibu pekee nililolighushi kwa huruma liligeuka kuwa la kweli, na siku niliyoamua kusema kweli nikasema uongo.

Chumba kikalipuka. Mzee mmoja alikuwa akisema talaka, mwingine akisema kiapo. Kerrow alikuwa ameshasimama. "Daktari wa Bombay anasema siwezi! Deeq anasema hana! Yeye mwenyewe anasema anayo! Nimwamini nani?"

Mimi barua ilikuwa bado mkononi. Sikuwa nimeimaliza. Sentensi moja ilibaki chini kabisa, na sasa niliisoma kimoyomoyo. Daktari alikuwa ameandika kwamba kwa mwanamume huyu mimba ya kawaida ni ngumu mno, lakini hawezi kusema haiwezekani, kwa kuwa amewahi kuona ikitokea.

"Subirini!" nikapaza sauti. "Kuna neno limebaki! Daktari anasema inawezekana! Ni ngumu, lakini inawezekana!"

Mzee Nunow alinitazama. "Wewe," akasema, "umekiri uongo mara tatu tangu ukalie zulia hili, na mara ya nne umeumbuliwa na tumbo la mwanamke. Sasa unataka tukuamini ya tano?"

Wazee wakacheka, kicheko kile cha hasira. Nikageuza barua kuwaonyesha mstari wenyewe. Wangeuona vipi? Kwao yalikuwa mikwaruzo ya wino. Barabara ilikuwa imekatika, na mle chumbani hapakuwa na mwingine wa kuusoma.

Isipokuwa mmoja.

Mulki alinyoosha mkono. "Lete."

"Wewe ukaifanyie nini?" Kerrow akafoka.

"Niisome."

"Kwa lugha ipi?"

Akamjibu kwa Kiingereza, maneno machache, akimwomba aketi. Kikombe cha mzee Nunow kikabaki hewani. Kerrow akaketi. Hakuwa ameelewa neno.

Mulki akaichukua barua mkononi mwangu. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari, kikafika mwisho, kikasimama pale. Midomo ilimcheza kidogo. Alikuwa ameisoma barua ile mara nyingi kabla yetu sote, na mstari ule aliujua.

Arbia alikuwa bado amesimama, mikono miwili juu ya tumbo. Miezi mitatu iliyopita alikuwa amekaa uani kwenye sherehe yake akicheka pamoja na wengine walipokuwa wakiimba, "Bila sindano." Sasa alikuwa akimtazama mke mwenzake machoni.

Mulki naye alimtazama.

Kisha akaikunja barua mara nne, akaiweka chini ya paja lake, akawageukia wazee.

"Haya," akasema kwa Kisomali. "Nitawaambia daktari amesema nini."